Wema wa Tajiri Uandikwe

Hapa Katesh, wilayani Hanang, kazi nyingi hazitangazwi. Mzazi anasikia kwamba mwenye stoo fulani ya mazao anatafuta kijana. Anamchukua mwanawe, wanakwenda pamoja, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani anasema: "Mzee, nakukabidhi kijana wangu. Sasa ni wako, akikosea mrudi." Mwenye stoo anapokea. Mshahara hutajwa juu juu au hautajwi kabisa, kwa kuwa kumbana kwa bei mtu anayekubali kukulelea mtoto huonekana ni kukosa adabu. Kijana anarudi nyumbani akiwa amepata kazi na amepata baba wa pili.

Baba huyo ndiye mwajiri mkubwa wa wilaya hii, ukiwahesabu pamoja wenye maduka, mashine za kusaga, mashamba, gereji na nyumba za wageni. Simdharau. Katika mji ambao vijana wengi hawana bima wala akaunti ya benki, yeye ndiye bima na yeye ndiye benki. Lakini wema wake, hata uwe mkubwa kiasi gani, hauzai imani mpaka mfanyakazi aweze kuujua mapema, kuuhesabu, na kuudai bila hofu kwamba kwa kuudai ataupoteza. Bila hayo mfanyakazi atakuwa mtiifu na hata mwenye shukrani, lakini tajiri atakosea akidhani kwamba huko ndiko kuaminiwa.

Tuanze na daftari. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi na stoo nyingi za alizeti na mbaazi zina kauntabuku inayokaa kwenye droo ya kaunta. Kijana akiugua, tajiri anatoa 20,000 ya dawa, anaandika. Bibi yake akifariki kijijini, anatoa 50,000 za nauli na rambirambi, anaandika. Januari mdogo wake anahitaji sare za shule, anatoa, anaandika. Mwisho wa mwezi kijana anaitwa. Daftari linafunguliwa likiwa limemwelekea tajiri, kalamu inateremka mstari kwa mstari, kisha anaambiwa: "Mwezi huu umebakiwa na 15,000. Na ile rambirambi, nusu nimekusamehe." Kijana anapokea kwa mikono miwili. Ukurasa hajauona. Siku ya msiba hakujua kama anapewa zawadi au mkopo; leo ndipo ameambiwa kwamba nusu ilikuwa hivi na nusu vile. Wala hajui mshahara wake kamili ungekuwa kiasi gani katika mwezi usio na ugonjwa wala msiba.

Mara nyingi hakuna wizi katika daftari hilo. Huenda tajiri ametoa zaidi kuliko alichokata. Kasoro ni kwamba kijana hana njia ya kujua, na asiye na njia ya kujua hubakiwa na mawili, kushukuru au kushuku. Wengi hufanya yote kwa zamu: wakiwa mbele ya tajiri wanashukuru, jioni wakiwa na wenzao wanashuku. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila linasomwa na mmoja, na kinachopotea bila habari ni imani.

Jambo hili limechunguzwa sana ng'ambo. Mwaka 2000 Jiing-Lih Farh na Bor-Shiuan Cheng, waliosoma mwenendo wa kampuni za Wachina, walieleza kwamba uongozi wa kibaba unasimama juu ya nguzo tatu: amri isiyohojiwa, ukarimu kwa mfanyakazi na familia yake, na mwenendo mwema wa kiongozi mwenyewe. Tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea upande mmoja: ukarimu na mwenendo mwema huenda pamoja na imani ya wafanyakazi, ilhali amri isiyohojiwa huishusha. Miaka mitano kabla yao, Roger Mayer, James Davis na David Schoorman walikuwa wameandika kwamba tunamwamini mtu tukiona mambo matatu kwake: ana uwezo, anatutakia mema, na anashika kanuni ambazo nasi tunazikubali. Tajiri wa Katesh mara nyingi ni hodari katika la kwanza na mkarimu katika la pili. La tatu ndilo linalomwangusha, kwa sababu kanuni zake ziko kichwani mwake peke yake, na leo zinaweza kuwa hivi, kesho vingine.

Hasara ya hali hiyo humrudia tajiri mwenyewe, na huja kwa njia ya ukimya. Dereva wa Fuso anahisi breki zinalegea akiteremka na mzigo, lakini juzi tu tajiri amemlipia mtoto hospitali. Atamwambiaje leo kwamba gari lake halifai kwenda safari? Kijana wa stoo anashika mbaazi zilizoingia jana, anahisi unyevu, anajua zikikaa wiki mbili zitaota ukungu. Lakini aliyezinunua ni mzee mwenyewe, na mzee hakosei mbele za watu. Basi gunia linapangwa juu ya gunia. Hasara ikionekana, mzee analalamika kwamba amezungukwa na watu wasiomtakia mema, kumbe walikuwepo waliojua, na fadhila zake ndizo zilizowafunga mdomo. Akitokea mmoja akathubutu kusema, au akauliza tu hesabu zake, jibu liko tayari: fadhila ya punda ni mateke. Mfanyakazi akishaambiwa hivyo mara moja, hatauliza tena. Ataanza kutafuta mlango wa kutokea.

Hanang ina sababu yake ya kulielewa hili kuliko wilaya nyingi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali, kwa msaada wa Canada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Yakafika mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Waret na Gawal, jumla yake takriban ekari 100,000. Nia ilikuwa nzuri: nchi ijilishe mkate wake yenyewe. Matrekta na kombaini zilikuja, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa Tanzania ilitoka hapa. Lakini ardhi hiyo ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, waliyoyaita muhajega, na ndani yake yalikuwemo makaburi ya wazee wao, bung'ed, yanayoheshimiwa kizazi hadi kizazi. Jembe la trekta halikuyabagua. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake walilishtaki shirika. Mahakama Kuu ikawapa ushindi, Mahakama ya Rufani ikautengua. Baadaye Serikali iliunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga kuchunguza malalamiko ya ukiukwaji wa haki za binadamu katika mashamba hayo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Canada ikafunga msaada wake.

Sisemi kwamba kulima ngano kulikuwa kosa. Nasema kwamba mkubwa aliyeamini anajua kinachowafaa watu hakuwauliza watu hao, na nia yake njema haikutosha kuziba pengo hilo. Serikali haikuwa tajiri wa duka, lakini ilifanya alivyofanya mwenye kauntabuku: iliamua peke yake nini ni zawadi na nani atailipia. Mwajiri yeyote anayefungua shamba Basotu leo anaingia katika kumbukumbu hiyo, apende asipende.

Kitaifa dawa ilishawahi kutafutwa. Februari 1970 Mwalimu Nyerere alitoa Waraka wa Rais Na. 1, akiagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kikamkataza kiongozi kiburi, dharau na ukandamizaji. Wafanyakazi wa Dar es Salaam walikichukua kifungu hicho kwa uzito kuliko wengi walivyotarajia. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilifuatana viwandani, na mingi haikuanzia kwenye mshahara. Ilianzia kwenye matusi, kwenye watu wazima kuamrishwa kama watoto, kwenye meneja asiyesikiliza. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, wafanyakazi walimfungia nje mwenye kiwanda na kuendelea kuzalisha wenyewe. Kwingine waliojaribu njia hiyo walifukuzwa kazi. Mabaraza yenyewe yalibaki ya kushauri tu. Uamuzi ulikaa palepale kwa menejimenti.

Wakati ule ulifundisha mambo mawili ambayo bado hatujayatendea kazi. Mtu mzima anaweza kuvumilia ujira mdogo kwa muda mrefu akiona sababu yake, lakini kudharauliwa hakuvumiliki. Na baraza linaloweza kusikilizwa au kupuuzwa kwa hiari ya mkubwa nalo ni fadhila tu. Wafanyakazi waliitwa kwenye meza, wakasema, kisha wakarudi kwenye mashine bila kujua kama walichosema kitaamua chochote.

Wala si sisi peke yetu. Kuanzia 1880 George Pullman, tajiri wa mabehewa ya treni huko Marekani, aliwajengea wafanyakazi wake mji mzima karibu na Chicago: nyumba za matofali, maktaba, bustani. Alisifiwa kuwa tajiri mwenye huruma. Uchumi ulipoanguka mwaka 1893 alikata mishahara, lakini kodi za nyumba, ambazo alizipanga yeye mwenyewe, hakuzigusa. Mei 1894 wafanyakazi waligoma, mgomo ukaenea katika reli za nchi nzima, na askari wa serikali wakaingilia. Miaka minne baadaye mahakama kuu ya jimbo la Illinois iliiamuru kampuni iachane na mji huo. Waliogoma walikuwa wakiishi katika nyumba bora kuliko za wafanyakazi wengi wa nchi yao. Walichokosa ni neno katika mambo yaliyoamua maisha yao.

Ulezi wenyewe haufai kutupwa, na ushahidi wa nguvu yake uko jirani. Mwaka 1955 Walutheri wa Norway walifungua hospitali Haydom, wilayani Mbulu, mahali palipokuwa mbali na kila huduma. Mji ukakua kuizunguka. Waliofanya kazi pale walipata mengi kuliko mshahara, kama ilivyo desturi ya hospitali na shule za misheni, ambako mwajiri ni mlezi pia. Kati ya matunda yote ya Haydom, ninalolitazama kwa heshima kubwa zaidi ni chuo chake cha uuguzi. Muuguzi aliyehitimu pale ana cheti chenye jina lake. Anaweza kubaki, anaweza kuhamia Babati au Singida, na hakuna atakayemnyang'anya alichopewa. Mlezi wa kweli hutambulika hapo: anampa anayemlea kitu kinachobaki mkononi mwake hata wakiachana.

Kisha ikaja Desemba 3, 2023. Baada ya mvua kubwa sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na magogo yakashuka juu ya Katesh, Gendabi na maeneo ya jirani. Watu 89 walipoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha safari akaja Katesh. Wananchi wa nchi nzima walileta unga, mablanketi na nguo. Huruma ile tuliiona kwa macho yetu na hatutaisahau.

Maafa yale yanatulazimu kuuliza swali kuhusu kazi. Mfanyakazi ambaye usalama wake wote uko moyoni na mfukoni mwa tajiri mmoja hukimbilia wapi siku tajiri huyo amepoteza duka, bidhaa na nyumba kwa asubuhi moja? Hapo hata mwenye huruma kuliko wote hana cha kutoa. Kauntabuku ikienda na tope, hakuna anayeweza kusema nani anamdai nani. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, haikai kwenye droo ya kaunta; tope halifiki huko. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao haumuulizi aliyeumia kazini kama tajiri wake leo ana uwezo. Tajiri anayempenda kijana wake kweli, na anayeishi chini ya mlima huu, ana sababu kubwa ya kumwandikisha katika mifuko hiyo kuliko mwajiri wa mahali pengine popote.

Najua majibu ya wenye biashara, kwa kuwa huyasema waziwazi. La kwanza ni kwamba karatasi itaua undugu. Lakini kuweka ahadi wazi mbele ya shahidi si ugeni kwetu. Mfugaji muungwana anayemchukua mchungaji kwa ahadi ya mtamba humwonyesha mnyama mwenyewe mapema, na wapo wanaosikia. Mwaka ukiisha hakuna ubishi, na undugu hupata nguvu. Nenda pia stendi ya bodaboda. Kijana anayeendesha kwa hesabu ya siku tu hujali pikipiki mpaka jioni anapoirudisha. Mwenye mkataba, anayejua mwezi ambao chombo kitakuwa chake, hubadilisha oili kwa fedha yake na kumkatalia abiria anayetaka kupakia magunia matatu. Na mmiliki anayemnyang'anya kijana pikipiki mwezi wa mwisho wa mkataba hupoteza zaidi ya kijana mmoja, kwa sababu stendi nzima imesikia.

Jibu la pili lina uzito zaidi: vijana nao huiba. Wapo wanaouza mafuta ya trekta, wapo wanaochota magunia usiku, wapo waliotoroka na mauzo ya siku. Sikatai, na mwenye mali ana haki ya kuilinda. Lakini tazama wizi huo unavyojitetea. Kijana anayechukua debe la alizeti kila wiki hujiambia kwamba anajilipa kile ambacho daftari limemnyima. Hesabu ikiwa wazi, kisingizio hicho kinakufa, na mwizi hubaki mwizi tu mbele ya wenzake, ambao nao sasa wana sababu ya kumtaja.

Jibu la tatu ni umaskini wa biashara: "Mimi mwenyewe naungaunga, nitaweza wapi mambo ya kampuni kubwa?" Hapa sheria ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na inamkataza kukata mshahara kwa jambo ambalo sheria haikuliruhusu na mfanyakazi hakulikubali kwa maandishi. Inatoa likizo ya mwaka ya siku 28 na likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo. Mgogoro ukifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye. Kwa hiyo anayekataa karatasi akidhani anajilinda anajivua nguo. Karatasi moja ya Kiswahili yenye nakala mbili humgharimu shilingi mia chache stationery.

Ningekuwa na sauti mbele ya wenye biashara wa Katesh ningewaomba hivi. Siku mzazi anapomkabidhi kijana, mkubalieni kijana huyo kwa heshima zote za kimila, na kabla hawajaaga andikeni mbele yao kazi yake, mshahara wake kamili, tarehe ya kulipwa na siku ya mapumziko. Kila fedha inayotoka kwa ajili ya ugonjwa au msiba iandikwe siku hiyohiyo kama ni mkopo au ni zawadi, na kijana naye awe na daftari lake, lenye mistari ileile na sahihi za wote wawili. Zawadi iwe zawadi. Msiigeuze mkopo mkikasirika. Mara moja kwa mwezi kaeni na wafanyakazi wote nusu saa, na wa kwanza kusema awe mdogo kuliko wote. Atakayeleta habari mbaya ya breki au ya gunia lililoloa ashukuriwe mbele ya wenzake, hata kama kosa ni lenu. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo litakalowarudishia faida mapema zaidi.

Wafanyakazi nao wana sehemu yao. Anayetaka mkataba na aheshimu saa zilizoandikwa, arejeshe mkopo aliousaini, na asiugeuze ukarimu wa mzee kuwa chemchemi ya kuchotwa kila Jumatatu. Na wazazi wanaoleta vijana waache kuona aibu kuuliza mshahara. Kumuuliza mtu atamlipaje mwanao hakumvunjii heshima. Kunamchukulia kuwa mtu anayeweza kushika neno lake.

Maombi hayo hayamwondoi baba wa pili. Tajiri atabaki kuitwa mzee, atasimama msibani, atanunua sare za Januari akipenda. Kitakachobadilika ni kwamba kijana akimshukuru, hatakuwa anashukuru kwa kuogopa mwisho wa mwezi. Siku hizi mwajiri aliyezungukwa na shukrani hawezi kujua ipi ni ya kweli na ipi imetolewa na mtu asiye na namna nyingine. Aandike wema wake, amwache mfanyakazi awe huru kuudai na hata kuuaga, na hapo shukrani atakayoisikia ataweza kuiamini.